Nguzo Zisizo na Mwenyewe

Bigwa, Machi 2, 1912

Kosa wanalofanya watu wengi, kitu cha umma kikiharibika, ni kuuliza nani amekula. Swali hilo ni tamu, kwa sababu jibu lake siku zote huwa mtu ambaye tulikuwa hatumpendi tangu zamani. Mimi nimesoma kidogo, Kurani kule Bagamoyo, na herufi za Kizungu katika shule ya serikali nilipokuwa tayari nina mvi, na bado kosa hilo hunikamata kama linavyowakamata wengine. Kwa hiyo masika haya nitaandika ninayoyasikia, ili nikikosea nione nilianzia wapi.

Habari yenyewe ni hii. Daraja la mto Bigwa limevunjika jana Ijumaa, tulipokuwa msikitini. Lilijengwa kiangazi kilichopita kwa amri ya boma. Mvua ya kwanza kubwa imelibeba, na mkokoteni wa serikali ukiwa juu yake. Punda amekufa maji na mpagazi mmoja amevunjika mguu. Leo askari wamemkamata fundi aliyelijenga, Kasiani, Mkristo kutoka Matombo, wakamtia mnyororo.

Sasa sikilizeni, nieleze. Kila nyumba ya Bigwa iliamriwa kupeleka nguzo moja ya mti mgumu, mkongo au mvule. Nyumba zote zilipeleka. Lakini nguzo zilizovunjika zimekatika kama muwa. Mti mgumu haukatiki hivyo. Basi nguzo zetu nzuri zilikwenda wapi, na hizi laini zilitoka wapi?

Jioni barazani hakuna aliyeuliza swali hilo. Wote walishapata jibu: Akida.

Machi 3

Akida wetu, Salehe, ni mtu wa pwani. Serikali ilimleta atutawale, akaja na mwavuli mweupe na tabia ya kujifunika pua akipita penye zizi. Mwaka huu amejenga nyumba mpya mjini.

"Nyumba yake ina miimo ya nini?" aliuliza Mosi, muuza tumbaku, ambaye haulizi kitu asichokuwa na jibu lake mfukoni.

"Mvule," mtu akajibu.

"Mvule! Na daraja letu lilitakiwa liwe la nini?"

Wakacheka kwa uchungu. Aliyesema sana kuliko wote ni jumbe wetu, Mikidadi. Alisimama kabisa. "Serikali ikitaka mwizi, isitafute mbali. Imtazame mtu wake!"

Mikidadi ni mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu Asia. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, kwa hiyo huyu ndiye mrithi wangu na mimi ndimi niliyemfundisha kusoma. Nilifurahi kumsikia akisema bila woga. Na mimi pia naamini ni Akida.

Machi 4

Mvua. Sikutoka.

Machi 7

Nimekwenda mjini kwa Akida. Nilijifanya napita kumsalimu. Alipoingia ndani kuagiza kahawa nikaigusa miimo ya mlango, nikaichunguza kwa ukucha.

"Mwalimu Rehani," akasema nyuma yangu, "umekuja kunijulia hali au kununua nyumba? Maana unaipapasa."

Niliona haya. Yeye hakukasirika. Akanionyesha alama za rangi nyekundu za mfanyabiashara wa Kihindi. Mbao zimekatwa kwa mashine, zina pembe nne, na zimeletwa kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam. Nguzo za daraja zilikuwa za duara, zina magome yake. Mtu hawezi kugeuza zile kuwa hizi bila kiwanda.

"Mimi nimezoea kuchukiwa," akasema. "Lakini kawaulize watu wako jambo moja. Kwa nini nguzo zote zililetwa saa za magharibi, mwanga ukiisha? Na kwa nini zilipakwa tope na masizi? Nilipouliza, jumbe wenu alisema ni dawa ya mchwa."

"Nawe ukakubali?"

"Boma lilitaka daraja kabla ya masika. Nikakubali. Hilo ni kosa langu, nami nitalijibu. Lakini mti wenu sikuula."

Nimerudi na mvua kichwani. Sipendi jinsi alivyonijibu vizuri. Mtu anayejibu vizuri hivyo huenda alijiandaa.

Machi 8, Ijumaa

Baada ya sala niliwaambia wenzangu habari za mbao za mashine. Mosi akasema, "Mwalimu, kahawa ya Akida ilikuwa na sukari ngapi?" Msikiti mzima ukacheka. Mikidadi hakucheka. Alivaa viatu akaondoka.

Machi 11

Mto umejaa. Watu wa ng'ambo hawajafika sokoni.

Machi 14

Jana nilimwona Kasiani. Wafungwa walikuwa wanabeba mawe karibu na stesheni, mnyororo mmoja shingoni mwao wote, na yeye wa tatu. Ni mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa. Nilimwomba askari ruhusa, nikampa muhogo wa kuchemsha.

"Kasiani, nguzo zilibadilishwa wapi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zilibadilishwa wapi?"

"Daraja nililijenga mimi," akasema.

"Hilo najua. Nauliza miti."

"Daraja nililijenga mimi." Akainama kuchukua jiwe.

Njia nzima nilifikiri. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, hutaja watu. Huyu ananyamaza. Huenda yeye ndiye aliyeiuza miti yetu kwa Wazungu wa mashamba, akaweka hii laini mahali pake. Yeye si wa hapa, hana lukolo lake Bigwa, kesho atarudi Matombo kwake. Nililala nikiwa nimeridhika na jibu hili, na asubuhi nikaona kwamba nimeridhika kwa sababu ile ile iliyonifanya niridhike na Akida.

Machi 19

Mvua tangu juzi bila kupumzika. Kuni zote zimelowa. Dada yangu Asia amepika kwa vikapu vichakavu, nyumba imejaa moshi, tumekula kunde zenye harufu ya ukili.

Hapa nieleze jambo lililonisumbua leo. Chini kidogo ya lilipokuwa daraja, penye mchanga, zile nguzo zilizovunjika zimelundikana tangu siku ile. Zimo chini ya mwamba, mahali maji hayafiki, pakavu. Ni mti laini, unawaka upesi. Na hakuna mtu hata mmoja aliyeokota kipande.

Nikamwambia Asia, "Kwa nini msiende kuchukua zile?"

"Zile ni za serikali, kaka."

"Toka lini Bigwa ikaogopa kuni za serikali? Mwaka juzi mlibeba masalia ya miti ya reli mpaka msimamizi akaweka askari."

Akapuliza moto. "Moshi huu utatuua," akasema, akatoka nje kwenye mvua bila kazi yoyote ya kufanya huko.

Sasa namshuku hata dada yangu, na sijui namshuku kwa lipi.

Machi 22, Ijumaa

Habari kutoka bomani: Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, yuko safarini Kilosa. Akirudi atakata kesi ya daraja. Wanasema Kasiani atapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na kupelekwa gerezani Dar es Salaam. Barazani wamesikitika kama watu wanaosikia habari za mji wa mbali.

Machi 25

Leo nitaandika kwa kirefu.

Asubuhi alifika Theresia, mke wa Kasiani. Ametembea kutoka Matombo na mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya mumewe. Askari walichukua ndizi wakamfukuza. Basi akaja Bigwa.

Vijana wa mjini wanaosoma haya pengine hawajui utani wetu, kwa hiyo nieleze. Lukolo la Theresia na lukolo letu ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kuingia nyumbani mwako bila hodi, akakutukana mbele ya wakwe zako, akabeba kitu chako akaenda nacho. Hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwenye misiba yetu wao ndio wanaosema yale ambayo ndugu hawawezi kusema. Ndugu akimshtaki ndugu anavunja ukoo. Mtani akimshtaki, watu wanacheka, na neno linabaki.

Aliingia kwa Asia wakati chungu kiko motoni.

"Sipigi hodi, nyumba ya wezi haina hodi!"

"Karibu, mtani," Asia akacheka. "Kaa."

"Nikae juu ya nini? Kigoda chenu kikiwa cha msufi kitanivunja kiuno." Akanigeukia. "Na wewe mzee wa vitabu, sikuamkii. Shikamoo yako nitaitoa siku utakayojua kutofautisha mti na uji."

Nilicheka. Ndiyo desturi. Kisha Theresia akashika matambara, akakitoa chungu motoni, akakibeba.

"Hiki mateka. Atakayeniambia mlipeleka mti gani darajani, atarudishiwa."

"Kunde hazijaiva, mtani," Asia akasema, bado anacheka.

"Zitaiva Matombo. Mti gani?"

"Si mkongo."

"Si mkongo, ndiyo mkongo, au si mkongo, haukuwa mkongo?"

Kicheko cha Asia kikaisha taratibu, kama moto unaonyimwa kuni. Alinitazama mimi, si yeye.

"Msufi," akasema. "Ni nguzo moja tu. Nilidhani moja laini kati ya ngumu nyingi haitaleta neno."

"Na masizi nani alipaka?"

"Mimi. Kwa masizi ya chungu hicho hicho." Theresia akaweka chungu chini.

Nguzo ya nyumba yetu. Nyumba ninayolala. Nilikuwa ndani siku ile, nikiwafundisha watoto wa jirani, nikawaeleza bila shaka kitu kirefu, wakati dada yangu uani anapaka mti masizi.

Theresia hakuishia hapo. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu. Nilimfuata. Kwa Mosi alinyakua kofia kichwani pake. Kwingine alichukua mchi, jembe, jogoo mmoja mweupe akimbana kwapani. Watu wakamfuata kwa kelele na vifijo kama kwenye ngoma. Kila kitu kilirudi kwa neno moja, jina la mti laini. "Mgude." "Msufi." "Mgude." Mzee mmoja alisema, "Mpapai," na watu wakaanguka kwa kicheko wakidhani anatania, mpaka walipoona machozi yake. Kila nyumba ilidhani ni yenyewe peke yake. Ndiyo maana hakuna aliyeokota kuni zile. Kila mtu aliogopa kuinama pale asionekane anachagua ya kwake.

Mosi alijaribu kujitetea. "Tungekata wapi, mtani? Mkongo uko msituni kwa mizimu tu, penye makaburi ya wazee. Ulitaka tuwachimbue babu zetu tuwafanye daraja?"

"Mkongo uko Mikese pia. Nimepita, nimeuona."

"Mikese ni mbali."

"Ahaa!" Theresia akapiga makofi. "Kumbe mizimu yenu inakaa Mikese!"

Hapo walicheka mara ya mwisho.

Alipokaa kupumzika, utani ulimtoka, akasema nami kwa sauti ndogo kama mtoto wa watu.

"Baba, mume wangu si mjinga. Aligonga nguzo ya kwanza akajua. Alikwenda kwa jumbe wenu siku hiyo hiyo, akamwambia miti hii haitamaliza masika. Jumbe akamwomba. Akamwambia, ukisema kwa Mzungu, wataukata msitu wa wazee wetu, magogo yote yaende kwenye reli. Kasiani akasema hata sisi kwetu tuna msitu wa wazee. Akanyamaza. Na mpaka leo ananyamaza."

"Jumbe yupi?" nikauliza, kana kwamba tunao wengi.

Machi 26

Mikidadi alikuja kunijulia hali. Nikamuuliza moja kwa moja.

"Mjomba, maneno ya mwanamke wa utani nawe unayatia moyoni?"

"Kasiani alikuambia, au hakukuambia?"

"Watu wengi huniambia mambo mengi. Mimi ni jumbe."

"Hilo si jibu."

"Basi sina jingine, mjomba." Akavaa ile kofia yake nyekundu ya ujumbe, ambayo huwa haivai akija kwangu.

Siku zile aliposimama barazani akipaza sauti juu ya Akida, mimi nilimsikia kama mtu jasiri. Leo nikirudia maneno yale yale, nasikia mtu anayewasukuma watazame upande mwingine.

Machi 29, Ijumaa

Wenye nyumba tumekutana. Niliwaambia, msitu wa mizimu haukututuma tupake masizi. Mtu anayeheshimu makaburi angekwenda Mikese. Sisi tulikuwa wavivu, na tukawavika marehemu uvivu wetu. Kisha Mosi, ambaye sikumtegemea, akasema, "Tutakwenda bomani sote. Mzungu hana minyororo ya kututosha." Mikidadi akakubali haraka mno.

Aprili 1

Radi usiku. Kuku wawili wamekufa.

Aprili 4

Bwana Shauri amerudi na leo tumesimama mbele yake, uwanjani, katika manyunyu. Kila mwenye nyumba alijitaja na kuutaja mti wake. Mkalimani alitafsiri. Alipofika kwa yule wa mpapai, Bwana aliuliza mara mbili, akadhani mkalimani amekosea.

"Kwa nini mlileta miti laini?"

"Mikese ni mbali, Bwana," nikasema mimi.

Ni kweli tupu. Msitu sikuutaja, kwa kuwa hakuuliza, na najua anayesoma atanishuku kwa hilo. Anishuku. Nami nimejishuku.

Hukumu yetu ni hii: kila nyumba ilete mkongo kutoka Mikese kwa mabega yake, na kulijenga daraja upya bila ujira. Akida amekaripiwa vikali mbele ya watu, na alisimama akasikiliza bila kujifunika pua.

Kisha zamu ya fundi. Nilidhani atafunguliwa pale pale.

"Miti ni ya watu," Bwana akasema, "lakini fundi anaujua mti. Alijua na hakusema. Mtu amevunjika mguu. Je, alimwambia yeyote?"

Kasiani akatazama chini. Nikasema nimesikia kwa mkewe kwamba alimwambia mtu. Mkalimani akaniambia, bila hata kutafsiri, kwamba la kusikia si ushahidi. Aliyeambiwa mwenyewe ndiye aseme.

Mikidadi alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Alirekebisha kofia yake.

"Hakuna," akasema Bwana. Hamsa ishirini, na gerezani Dar es Salaam pamoja na wafungwa wengine watakaposafirishwa.

Theresia alikuwa ng'ambo ya uwanja. Hakumtukana mtu.

Aprili 6

Kasiani amepigwa. Sikwenda kutazama. Sauti ilifika sokoni.

Aprili 9

Watu wanabeba mkongo kutoka Mikese. Mti mmoja watu wanne, tope mpaka magotini. Mosi ameumia bega na anaimba matusi juu ya bega lake mwenyewe. Nguzo zinapangwa ukingoni, zikiwa wazi, bila tope wala masizi, mchana kweupe.

Mikidadi ameleta mbili, ya nyumba ya mama yake na nyingine ya ziada. Watu wanamsifu. Mimi naiangalia ile ya ziada na kujiuliza inamlipia nani.

Aprili 12, Ijumaa

Nimezungumza naye tena, njiani, tukitoka kusali.

"Wakijua nilijua, ujumbe umekwisha, mjomba."

"Ndiyo."

"Na fimbo zile zile zitakuwa zangu."

"Huenda."

"Na wakiniuliza kwa nini nilimnyamazisha, itabidi niutaje msitu."

"Utasema kama tulivyosema sote, Mikese ni mbali. Ulitaka daraja liishe, ukamwambia anyamaze. Hilo nalo ni kweli."

Halafu akasema, "Yeye mwenyewe amekubali. Hakunitaja."

Nilisimama katikati ya njia. Yeye aliendelea kutembea.

Aprili 15, Jumatatu

Gari la moshi linalobeba wafungwa linaondoka kesho. Nimepata habari kwa mtu wa stesheni, na ni kweli. Theresia yuko Bigwa, amelala kwa Asia. Asubuhi ameniamkia, "Shikamoo, baba," kwa adabu yote. Ningependa zaidi anitukane.

Nguzo zote zimefika mtoni. Watu wanasema mambo yamekwisha, kila mtu amebeba mzigo wake, sasa tumsahau Akida na tulime. Mosi alisema hivyo jana, na wengi waliitikia. Lakini mtu mmoja bado yuko kwenye mnyororo kwa sababu ya neno moja ambalo mtu mmoja tu anaweza kulisema. Swali la nani amekula tumelimaliza, tulikula sote. Lililobaki ni la nani alijua.

Mikidadi, daftari hili nalileta kwako sasa hivi, likiwa limefunguliwa hapa. Nilikufundisha kusoma, kwa hiyo hutasema hukuelewa. Sikukuandikia siri yoyote. Yote yaliyomo unayajua kuliko mimi. Mwenye kutaka kunirithi ni wewe, na nimetazama vitu vyangu vyote, Kurani yangu, shamba la migomba, jina langu, nikaona sitaki kukuachia chochote kati ya hivyo kikiwa na mtu mfungwa ndani yake. Ukipigwa, nitakuwa pale nikuwekee maji. Ukivuliwa kofia, utakuja kulima na mimi.

Leo, kabla ya adhuhuri, nenda bomani ukasimame mbele ya Bwana Shauri useme: "Kasiani aliniambia."